Vidole Viwili kwenye Mkanda wa Sketi

Alhamisi, 28 Novemba

Leo ndiyo siku ya fomu. Mwaka mzima naisubiri, mwaka mzima naiogopa.

Chumba cha mazoezi kilikuwa na joto la kufa mtu. Magodoro yameegemezwa ukutani, mipira iko kapuni, mimi nimekaa kwenye kistuli cha watoto, magoti karibu yanifike kidevuni, fomu ya Shangazi mapajani. Shangazi ni jina la utani. Ana miaka kumi na mmoja, ana mtindio wa ubongo, miguu haimtii na mkono wa kushoto una mambo yake — lakini mdomo! Anamshauri kila mtu. Walimu, mpishi, dereva wa basi la shule. Wenzake ndio waliomwita hivyo na jina likaganda. Yeye ananiita Anti. Kwa hiyo kati yetu haijulikani nani mkubwa wa mwenzake.

Fomu ina mambo manne: kula, kuvaa, kuandika, choo. Kila moja lina viboksi vitatu. Anafanyiwa. Anafanya kwa kushikwa. Anafanya mwenyewe. Akipata "mwenyewe" nne, Januari anahamia shule ya kawaida karibu na kwao, darasa la tano, pamoja na watoto anaowaona dirishani kila asubuhi. Akipata tatu anabaki kwetu, kitengo cha watoto wenye ulemavu, na kwetu hesabu zinaishia darasa la nne. Yeye alizimaliza tangu mwezi wa sita. Sasa hivi anasahihisha za wenzake, na mwalimu anamwachia.

Tatu za kwanza nilitia alama bila kuwaza. Ya nne nikaikodolea macho.

Niandike ukweli hapa, maana hapa hakuna msomaji. Shangazi akitoka kwenye kiti cha magurudumu kwenda kwenye choo, anafunga breki mwenyewe. Anashika chuma cha ukutani mwenyewe. Anajivuta, anasimama, anageuka, anakaa. Mwenyewe! Ila mimi niko nyuma yake, na vidole vyangu viwili viko ndani ya mkanda wa sketi yake. Simnyanyui. Simvuti. Vidole viwili tu, na viko pale tangu ile siku aliponiponyoka akapasuka kidevu, miaka miwili iliyopita. Akashonwa nyuzi tatu. Hakulia yeye, nililia mimi.

Sasa vidole viwili ni kushikwa au si kushikwa? Kiboksi cha vidole viwili hakipo.

Mtaalamu alitakiwa kuja leo amwone kwa macho yake. Mtaalamu ni bosi wangu, binti mwenye digrii ya tiba kwa vitendo, mpole, ana shule tano za kuzungukia, sisi tunamwona mara mbili kwa mwezi. Siku nyingine zote mazoezi ni mimi na watoto. Saa nne akapiga simu: gari limegoma. Akasema wewe unamjua kuliko mimi, jaza tu, kesho nitasaini.

Shangazi alikuwa mlangoni ananisoma uso. Akasema, kwa ule usemi wake wa kuvuta: Anti, andika mwenyewe. Nikamwambia ngoja nifikiri. Akasema unafikiri nini, kwani wewe unanishika? Unanigusa tu.

Nikaandika "mwenyewe".

Ijumaa, 29 Novemba

Mtaalamu amesaini fomu tisa akiwa amesimama, kikombe cha chai mkono wa kushoto. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali moja. Usiku kucha nimelipangia majibu! Halikuulizwa. Akasema kazi nzuri, dada, huyu ni wa kwanza wako kwenda shule ya kawaida. Kweli ni wa kwanza. Miaka tisa ya kazi. Na niseme nini, nilivimba kichwa.

Jioni mama yake Shangazi alikuja kumchukua. Anafua mashuka kwenye nyumba ya wageni, vidole vyake vina mikunjo muda wote. Nilipomwambia alikaa chini kwenye godoro na viatu vyake, kitu ambacho siruhusu. Akalia. Kisha akanikumbatia, akasema Mungu akuzidishie, mikono yako hii ina baraka.

Mikono yangu hii. Nikaitikia amina.

Jumatatu, 13 Januari

Siku ya kwanza bila Shangazi. Kimya chumbani. Hakuna wa kuniambia nguo hii hainipendezi.

Kimetokea kitu kidogo. Kuna mtoto mpya, msichana wa miaka saba, miguu dhaifu kidogo tu. Nilimwambia asimame ashike meza. Hajafanya lolote, hajainua hata kisigino, nikashtuka vidole vyangu vimeshaingia kwenye mkanda wa sketi yake. Vimeenda vyenyewe! Nikavitoa. Vikarudi.

Nimemhadithia mume wangu. Ni fundi cherehani, anakaa na pini mdomoni, kwa hiyo anajibu kwa kuguna. Leo alizitoa pini. Akasema wewe hata chai yangu unaikoroga, mimi nina mikono miwili na cheti cha ufundi. Binti yetu akacheka mpaka akapaliwa. Nikasema basi kesho korogeni wenyewe. Nimenuna kidogo. Si sana.

Jumatano, 29 Januari

Nimekwenda kumtembelea kwenye shule mpya. Fomu inataka mtoto aliyehamishwa atembelewe wiki ya tatu.

Shule kubwa, watoto kama utitiri. Wametengeneza njia ya mteremko kwa ajili yake, na chooni wameweka choo cha kukaa na chuma cha kushikilia, kimepakwa rangi ya bluu. Mwalimu mkuu alinionyesha mwenyewe, anapigapiga kile chuma kama anauza. Imara, alisema. Kweli imara. Nilikitikisa.

Shangazi yuko mstari wa mbele, karibu na dirisha. Kumbe hata huku wanamwita Shangazi! Haijapita wiki tatu. Jaribio la kwanza la hesabu amekuwa wa pili kati ya arobaini na nane, na ameniambia wa kwanza alibahatisha. Rafiki yake mmoja anamsukuma kiti wakati wa mapumziko, mwingine anambebea mkoba. Sijawahi kumwona anacheka hivi. Anacheka na meno ya nyuma.

Ilikuwa saa saba mchana. Chupa yake ya maji iko mezani, ile ya kijani. Imejaa hadi kooni.

Nikamuuliza hunywi maji? Akasema sina kiu. Midomo imempauka, ina magamba. Mchana wa jua kama lile!

Nilijua. Pale pale nilijua, sikuhitaji kuambiwa. Asiyekunywa haendi chooni. Na yeye alijua kwamba nimejua, maana aligeuza uso dirishani.

Nikasema nini? Nikasema, kunywa maji, eh, mwanangu. Nikasaini kwenye daftari la wageni. Nikaandika "maendeleo mazuri". Nikaondoka.

Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 6 Februari

Wiki nzima naahirisha. Mtaalamu alikuja Jumanne, nikasema nitamwambia baada ya chai, kisha baada ya mtoto wa mwisho, kisha akaangalia saa akaondoka. Nikajisemea labda nimeona vibaya. Labda ile ilikuwa chupa ya pili. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Jumanne, 11 Februari

Mama yake Shangazi amekuja kazini kwetu mchana, hajavua hata aproni. Mtoto ana homa tangu Jumamosi. Akikojoa analia. Zahanati wamesema ni UTI, imeshapanda juu, karibu na figo, wamempa sindano za siku tano. Na muuguzi amemgombeza yule mama mbele ya foleni nzima: mtoto hapewi maji nyumbani? Unamlea au unamfuga?

Mama akasimama akayameza yote. Akaja kwangu. Sio kulalamika! Kuniuliza. Dada, wewe unamjua mwanangu, niambie ninakosea wapi. Nampa chupa asubuhi, inarudi jioni imejaa. Nimemsema, nimembembeleza, nimemtishia. Anasema hana kiu. Nakosea wapi?

Nilikuwa nafunga kamba za kiti cha mtoto mwingine. Nilizifunga, nikazifungua, nikazifunga.

Nikamwambia kesho nitakuja kumwona. Hilo ndilo jibu nililompa.

Jumatano, 12 Februari

Nimekwenda. Chumba kimoja, kitanda, meza, mashuka ya watu yamepangwa kwenye kona mpaka karibu na dari. Shangazi amelala ubavu, madaftari ya hesabu chini ya mto. Mama yake akatoka kuteka maji. Tukabaki wawili.

Nikasema niambie. Akasema hakuna. Nikasema Shangazi. Akasema Anti.

Kisha akasema. Wiki ya kwanza, siku ya pili, alikwenda. Akafunga breki. Akashika chuma. Akajivuta, akafika nusu — na pale nusu akashikwa na baridi mgongoni. Hakuna mtu. Akaganda. Miguu ikaanza kutetemeka, akarudi kitini kwa kishindo. Akajaribu tena. Akaganda tena pale pale. Mama wa usafi akataka kumsaidia, mwalimu wake akaja akasema hapana. Si kwa ubaya. Alikuwa na nakala ya ile fomu mkononi. Akasema hapa imeandikwa mwenyewe, na wataalamu wamesaini, usideke, tunakusubiri. Wakamsubiri nje. Robo saa. Akajikojolea.

Wakambadilisha. Hakuna aliyemcheka, alisema, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Tangu siku ile hanywi.

"Kwa nini hukuwaambia kwamba huwa nakushika?"

"Si uliandika hunishiki."

Ndiyo, niliandika. Fomu yangu imemfanya mtoto kuwa mwongo. Akisema hawezi, anadeka. Karatasi imeshasema anaweza.

Nikamwambia lazima niseme. Hapo ndipo alipoinuka kwa kiwiko. Jasho linamtoka, macho mekundu. Anti, ukisema watanirudisha. Nitarudi kwenye hesabu za darasa la nne. Anti, nakuomba. Nitakunywa kidogo asubuhi na kidogo jioni. Nitajipangia. Usiseme.

Nikanyamaza. Akachukua ule unyamavu kuwa ahadi. Akanipa mkono wake wa kulia tupeane kama watu wazima. Na mimi nikaupokea!

Ijumaa, 14 Februari

Sikulala vizuri. Kazini nimemwaga rangi.

Usiku nimemwambia mume wangu yote, kuanzia kiboksi hadi ule mkono. Alisimamisha cherehani. Sikukatizwa hata mara moja, na yeye kwa kawaida anapenda kudakia. Nilimaliza nikangoja anilaumu. Nilitaka anilaumu, nipate wa kugombana naye.

Akauliza tu: sasa mtoto anaweza au hawezi?

Nikafungua mdomo nimjibu.

Sijui. Mungu wangu, sijui! Miaka miwili, siku tano kwa wiki, mara mbili kwa siku, na hata siku moja sikutoa vile vidole nikaona. Labda anaweza kabisa, na kinachomgandisha ni ile baridi ya mgongo tu. Labda hawezi, na uzito wote nilikuwa naubeba mimi bila kujua. Vidole viwili vinaweza kubeba kiasi gani? Nilimwomba mume wangu asimame nimshike mkanda wa suruali nijaribu. Akasimama, maskini, na pini zake. Haikunisaidia. Tulicheka kidogo kisha nikalia.

Kazi yangu yote ni kumfanya mtoto ajue anachoweza. Hiyo tu. Haijaandikwa mahali popote kwamba kazi yangu ni yeye asianguke. Nilimnyima jambo moja ambalo ndilo nililipwa kumpa, na nililifanya kwa mapenzi, nikajiona mwema. Hata leo ukiniuliza nilikuwa naogopa nini, nitakwambia kidevu chake. Uongo. Nilikuwa naogopa kulia tena mbele ya watu.

Jumapili, 16 Februari

Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Nimepanga kabati la vyombo. Binti yangu ameuliza mama una nini. Nikamwambia kesho nina mkutano. Akasema na nani? Nikasema na bosi. Akasema umeharibu kitu? Mtoto ana jicho huyu.

Nimempa Shangazi mkono wa ahadi, na kesho naivunja. Nikiitunza ataharibika figo. Hivyo ndivyo muuguzi wa zahanati alivyomwambia mama yake, maneno yenyewe. Hakuna njia ya tatu, nimeitafuta hata kwenye mapazia.

Jumatatu, 17 Februari

Nimesema.

Mtaalamu alikuwa ameleta viatu vipya vya watoto, anavipanga kwa saizi. Nikasema nikiwa nimesimama, maana nikikaa ningezunguka mbuyu. Nilimshika Shangazi. Niliandika hakushikwa. Ndiyo sababu hanywi, ndiyo sababu anaumwa.

Aliendelea kupanga viatu. Jozi tatu zaidi. Kisha akauliza kwa nini hukuniambia Novemba? Nikasema hukuniuliza. Likatoka vibaya, kama namrushia mpira. Nikataka kulirudisha.

Akasema: "Sikuuliza kwa sababu nilijua nikikuuliza utanijibu."

Nikaona hata yeye ni binti mdogo tu, ana gari bovu na shule tano. Akasema sahihi ni yangu, dada, tutakwenda wote. Lakini akasema pia kwamba mimi nitaandika barua ya maelezo, kwa mkono wangu, na barua hiyo itakaa kwenye faili langu. Na wakati barua inashughulikiwa nisimshike mtoto yeyote. Nisimguse. Nipange vifaa tu.

Nilijua itakuja. Hata hivyo iliniingia kama mwiba. Mchana wote nimehesabu mipira.

Alhamisi, 20 Februari

Mama yake nimemwambia leo. Nilimfuata kwenye ile nyumba ya wageni, mlango wa nyuma, kamba za mashuka huku na huku. Tuliongea kati ya mashuka mawili, hatuonani vizuri. Nilidhani hiyo itarahisisha.

Alinisikiliza huku anaanika. Nilipomaliza akasema, polepole, kama mtu anayehakikisha hesabu: kwa hiyo siku ile nilipokuja kwako kukuuliza ninakosea wapi, ulikuwa unajua?

Nikasema ndiyo.

Nimetukanwa mbele ya foleni nzima, na wewe ulikuwa unajua?

Ndiyo.

Nikamwomba samahani. Akasema sawa. Ile "sawa" ya kumfukuza mtu. Nikabaki nimesimama kama mti. Akasema dada, nina mashuka arobaini. Nikaondoka. Bora angenipiga.

Mama akamwambia binti yake jioni. Najua, kwa sababu Mtaalamu alipita pale kumpima na alipotaja jina langu Shangazi akajifunika shuka mpaka kichwani. Amepona homa. Anakunywa maji, kwa kuwa yuko nyumbani. Shule hajarudi. Kamati ya uhamisho inakaa Jumanne, pale pale shuleni, kuamua arudishwe kwetu au abaki na apewe msaidizi. Mtaalamu anasema nafasi ya msaidizi haipo kwenye bajeti, lakini atapigana. Sijawahi kumwona amekaza shingo hivi.

Jumatatu, 24 Februari

Hakuna. Nimepanga vifaa. Yule mtoto mpya wa miaka saba ameangalia mikono yangu akauliza Anti, unaumwa vidole?

Jumanne, 25 Februari

Naandikia kwenye benchi, kwenye korido ya shule mpya. Naandika haraka, nisipoweza kusoma baadaye basi.

Kamati ilianza saa tatu. Mwenyekiti, mama mmoja wa miwani, hana maneno mengi. Mwalimu mkuu. Mtaalamu. Mama yake Shangazi na gauni lake la kanisani. Shangazi mwenyewe mwisho wa meza, nywele zimesukwa upya. Hakunisalimia. Nilimsalimia mimi, akaangalia kifuniko cha kalamu.

Nikasoma barua yangu. Sauti ilikatika pale kwenye "kwa hiari yangu". Mwalimu wa darasa alikuwa amekaa nyuma, nikasikia anasema Mungu wangu, na mimi nilimwacha mle chooni robo saa. Naye alilia. Sikutegemea hilo. Kumbe ile karatasi imemjeruhi na yeye.

Mwenyekiti akasema basi jambo liko wazi. Tathmini si sahihi, mtoto hawezi, kwa usalama wake arudi kitengoni, akiwa tayari tutaanza upya mwakani. Mtaalamu akadakia, msaidizi apatikane hata wa nusu siku, ana haki. Mwenyekiti akasema haki ipo, mtu hayupo. Mwalimu mkuu akasema anaweza kumwomba mama wa usafi. Mwenyekiti akasema mama wa usafi si kazi yake. Ikawa mvutano. Mama mtu akauliza kwa sauti ndogo kama yeye anaweza kuacha kazi awe anakuja. Mtaalamu akamshika bega. Hapo nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo Shangazi akapiga meza kwa mkono wake mzima. Mara moja. Wote wakamgeukia.

Akasema, kwa kuvuta, hakuruka hata neno moja: "Mnasema siwezi. Yeye alisema naweza. Hakuna aliyeniangalia."

Mwenyekiti akavua miwani. Akamuuliza Shangazi, wewe unasemaje, mama? Unaweza?

"Sijui. Njooni tuone."

Akafungua breki. Akageuza kiti mwenyewe, akagonga mguu wa meza, akarudi nyuma, akatoka. Wote wakainuka wakamfuata kama maandamano. Na mimi nikainuka. Mlangoni pa choo akasimamisha kiti. Ndipo akaniangalia, mara ya kwanza leo. Hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo. Akawaambia wengine: Anti asiingie. Akiwepo atanishika.

Nikasema sitakushika, nimekatazwa. Akasema, utanishika.

Ni kweli.

Wameingia Mtaalamu, mwenyekiti na mama yake. Mlango umerudishwa, haukufungwa. Mimi niko hapa kwenye benchi, hatua nne. Mwalimu wa darasa amekaa pembeni yangu. Darasa la pili wanaimba jedwali la tatu.

Breki ya kwanza. Ya pili. Nazijua kwa sauti, ya kushoto inahitaji mafuta.

Mtaalamu anasema taratibu, hakuna haraka. Mwenyekiti anasema tumsogelee? Mtaalamu anasema tukae mbali, mikono nyuma, wote, na mama pia tafadhali.

Chuma kimelia. Ameshika.

Sasa anahema. Kule kuhema kwake kwa kujivuta, nakujua, kunafika mpaka hapa. Moja. Mbili. Kiti kimelia, kwa hiyo ameinuka. Ameinuka!

Kimya.

Yuko nusu. Hapa ndipo anapoganda. Sasa hivi anasikia ile baridi. Mama yake ameanza kusema jina lake halisi, mara Mtaalamu akasema shh.

Bado kimya. Hakuna kishindo, hakuna maji, hakuna neno. Kiatu kimoja kinasugua sakafu, kinaacha, kinasugua. Sijui kama anageuka au anateleza. Mwalimu wa darasa amenishika mkono wa kushoto. Wa kulia una kalamu na siiweki chini, maana nikiiweka nitaingia nimshike.